Uchovu Usioisha kwa Kulala: Mhadhara kwa Wauguzi, Siku ya Wauguzi Duniani

Mgeni rasmi, matroni, wauguzi wenzangu, habari za mchana. Mliotoka zamu ya usiku mkaja hapa moja kwa moja, nawaona kule nyuma. Ukisinzia, sinzia tu.

Nianze na usiku mmoja. Miaka kadhaa imepita sasa. Wodi ya wazazi, tuko wauguzi wawili, kina mama kumi na saba. Mama mmoja alijifungua mtoto aliyekwisha kufia tumboni. Nilimsafisha, nikamfunika, nikampa fomu, nikamwambia, "Weka sahihi hapa." Kisha nikatazama saa ya ukutani. Saa tisa na robo. Nilichokuwa nawaza ni patografu, zile chati za kufuatilia uchungu wa uzazi, za vitanda viwili ambazo sijazijaza. Yule mama ameshika kalamu, haandiki. Mhudumu wa usafi ndiye aliyeweka ndoo chini, akavua glavu, akakaa kando yake na kumshika mkono. "Pole mwanangu. Pole sana."

Mimi nimesimama pale pale. Nikatafuta huruma moyoni, sikuiona. Hata huzuni sikuiona. Pamekauka. Ndipo nilipoogopa.

Kuchoka tunakujua. Ukichoka unakwenda nyumbani, unaoga, unalala, kesho unaamka mtu. Ninachokizungumzia leo, Waingereza wanakiita "burnout", yaani kuungua kwa kazi, hakiondoki kwa kulala. Shirika la Afya Duniani lilikieleza mwaka 2019 katika toleo la 11 la orodha yake ya magonjwa, na likasema wazi kwamba chenyewe si ugonjwa. Ni hali inayotokana na msongo wa muda mrefu kazini usioshughulikiwa ipasavyo. Likataja alama tatu: nguvu kuisha, moyo kujitenga na kazi au kuidharau, na kujiona hufanyi tena lolote la maana. Ya kwanza kila mtu huiona. Ya pili ndiyo nawaomba muichunge, kwa sababu huingia kimya kimya. Unaanza kumwita mgonjwa "kitanda namba sita". Unaposikia ndugu wanalia koridoni, kinachokuja kwanza ni kero. Ukifika hapo, usiseme umekuwa mtu mbaya. Sema umeishiwa.

Na hali hii ilipoandikwa na kupewa jina, waliotajwa walikuwa watu kama sisi. Herbert Freudenberger, mwanasaikolojia wa New York, alikuwa akimaliza kazi zake za mchana kisha anakwenda kujitolea katika kliniki ya bure hadi usiku. Mwaka 1974 aliandika kuhusu wenzake wa kule, na yeye mwenyewe yalikuwa yamemfika. Aliona kwamba wanaoungua ni wale waliojitoa zaidi. Wavivu hawaungui. Hilo nalisema kwa sauti kwa sababu nimewasikia viongozi wakimwita muuguzi aliyeishiwa "mvivu", na neno hilo linaua.

Ndani ya mwili kuna nini? Juu ya kila figo kuna tezi ndogo. Mama akianza kutoka damu nyingi baada ya kujifungua, tezi zako humwaga homoni za adrenalini na kotisoli. Moyo unakwenda mbio, sukari inapanda kwenye damu, njaa inasahaulika. Ndiyo maana unaweza kukimbia na dripu mbili mkononi na miguu haikuumi hadi asubuhi. Mpango huu ni mzuri, mradi jambo liishe. Kwetu haliishi, hujamaliza kuandika ya huyu, unaitwa kwa yule. Na kotisoli ina saa yake: hupanda alfajiri tuamke, hushuka usiku tulale. Zamu za usiku na msongo wa miezi nenda miezi rudi huivuruga saa hiyo. Mchana uko kitandani macho wazi, usiku zamuni kichwa kizito.

Sasa kupona. Kwanza kabisa, pima damu. Upungufu wa damu na matatizo ya tezi ya shingo huchosha vilevile. Na sonona ni kitu kingine, kina tiba yake. Ukianza kufikiria kufa, usisubiri likizo, mwambie daktari leo hii.

Likizo nayo ni haki. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, hapa Tanzania, inatupa siku 28 mfululizo. Zangu za kwanza niliziharibu: nilishinda saiti nikisimamia mafundi, usiku nikijibu ujumbe wa kundi la wodi. Nikarudi kazini kama nilivyoondoka. Awamu ya pili nilitoka kwenye kundi, nikalala na kuamka saa zilezile, jioni nikatembea kwa miguu hadi sokoni, na kila wiki nikaonana na mshauri. Wiki ya tatu, nikimenya viazi, yule mama wa saa tisa na robo akanijia. Nililia hadi maji ya kwenye sufuria yakakauka. Siku hiyo nilijua napona. Lakini hadi kurudi kuwa mimi, ilichukua kama miezi minane.

Sasa hili ndilo lililonileta. Kumpumzisha mtu kisha kumrudisha palepale palipomchoma ni kumchoma upya. Tumeambiwa uuguzi ni wito, na mimi naamini ni wito. Ila neno hilo limegeuzwa la kutunyamazisha. Ukisema zamu zimezidi: wito. Ukisema mko wawili kwa wagonjwa kumi na saba: jikaze, ni wito. Christina Maslach, mwanasaikolojia aliyeitafiti hali hii tangu miaka ya 1970, anasisitiza kwamba tutazame kazi yenyewe: mzigo wake, kama mtu ana kauli juu yake, kama anatendewa haki, kama ana wenzake wa kushikana nao. Hayo hayaponi kwa mtu mmoja kupiga moyo konde.

Wodini kwetu tulianza na dogo. Mgonjwa akifariki, kabla ya kukabidhi zamu tunakaa dakika kumi, mhudumu wa usafi akiwepo, kila mtu aseme kilichomgusa. Tukakubaliana pia kwamba aliyetoka usiku haitwi mchana. Hayakuhitaji bajeti.

Matroni, mama yangu, najua ratiba ya Juni bado haijabandikwa ukutani. Kabla haijabandikwa, tunaomba utuite tukae nawe tuipange pamoja.