Meli ya mfalme, benki ya New York na mama kambisti wa Nyawera

Jambo yenu watu wa Bukavu! Jambo Kadutu, jambo Nguba, jambo na ninyi wa Essence mnaosema ninawasahau. Leo niko Stockholm, kisiwa cha Djurgården, na upepo unanipiga masikio, kwa hiyo sauti ikikatika mnisamehe. Mnaona lile jengo nyuma yangu lenye milingoti juu ya paa? Humo ndani mna Vasa.

Vasa ni meli ya mfalme wa Uswidi. Tarehe 10 Agosti 1628 ilitoka bandarini kwa mara ya kwanza, watu wamejaa ufukweni kuitazama. Ikaenda kama mita 1,300 tu. Kaupepo kakaisukuma, ikalala ubavu, maji yakaingia kwenye matundu ya mizinga, basi, ikaenda chini. Mizinga 64, imepangwa ngazi mbili, na huku chini uzito wa kuishikilia hautoshi. Mtu aliyewahi kupanda boti ya Goma na kuona magunia yanavyopandishwa juu ya magunia hahitaji kuelezwa zaidi. Ilikaa majini miaka 333, wakaitoa mwaka 1961.

Benki inaingia wapi? Vumilieni, mega zenu hazitaenda bure. (Najua, tangu benki zilipofungwa huko Bukavu mwaka 2025, ukitamka neno benki watu wanakuangalia vibaya. Hii ni benki nyingine.)

Mwaka 2018, Bjarne Stroustrup, baba wa lugha ya programu inayoitwa C++, aliandikia kamati inayoandika viwango, yaani kanuni rasmi, vya lugha hiyo waraka mfupi. Kichwa chake: Kumbukeni Vasa! Kila mjumbe alikuwa na kitu chake anachotaka kiongezwe. Kimoja kimoja ni kizuri. Vikipandishwa vyote, meli inapinduka. Sasa sikilizeni: wakati anaandika hivyo, mshahara wake ulitoka Morgan Stanley, benki ya New York. Alikaa huko tangu 2014 hadi 2022, na katika miaka hiyo lugha ilitoa kiwango cha 2014, cha 2017 na cha 2020.

Mdogo wangu anayesoma informatike aliniuliza, "Yaya, benki inatafuta nini kwenye lugha?" Inalinda nyumba yake. Benki kubwa ina programu zilizoandikwa miaka ishirini, thelathini iliyopita, na waandishi wake wengine wamekwisha kustaafu. Kamati ikibadilisha kanuni moja vibaya, programu za zamani zinakatika, na anayelipa ni benki. Kumlipa mtu akae kikaoni wiki nzima ni bei rahisi kuliko hiyo.

Kura ya mwisho ya C++ si ya benki. Ni ya nchi, kupitia ISO, shirika la kimataifa la viwango. Kwenye Java, lugha nyingine ya programu, ilikuwa wazi zaidi: Goldman Sachs, benki nyingine ya New York, ilikuwa na kiti chake kabisa katika kamati kuu inayopitisha viwango vya lugha hiyo.

Lakini kuna jambo linanichekesha. Kompyuta inahesabu kwa sifuri na moja, kwa hiyo sehemu moja ya kumi haiwezi kuiandika ikaisha, kama sisi tunavyoandika theluthi: 0.333 na hatumalizi. Jumlisha 0.1 na 0.2 kwa namba za kawaida za C++, ukiitaka ionyeshe tarakimu 17 inakupa 0.30000000000000004. Mimi hilo lilinipata kazini: ankara ya mteja ilipishana senti moja, nikalala saa nane za usiku nikiitafuta. Kobol, lugha ya zamani ya mwaka 1959, ilijua kuhesabu kwa makumi. Java ina BigDecimal kwa kazi hiyo hiyo. C++, pamoja na watu wa benki wote waliokaa mezani, hadi kiwango cha 2023 haina namba ya makumi ndani yake. Kila nyumba inajitengenezea ya kwake.

Na mama kambisti, yule mbadilisha pesa wa Nyawera pale Bukavu, je? Anachukua dola yako, anaiinua kwenye mwanga, kona ikiwa imechanika kidogo anakurudishia. Halafu anapiga kalkuleta, anakukata franka kadhaa kwa sababu noti ndogo hana, na wote wawili mnajua alivyokata. Sarafu mbili katika pochi moja, na kukadiria kwa makubaliano! Sijawahi kusikia mtu akipeleka hesabu ya namna hiyo kwenye kamati yoyote. Kikao kinafanyika mara tatu kwa mwaka, leo Ulaya kesho Marekani. Tiketi, hoteli, viza. Benki inalipa bila kuguna. Kijana wa Kadutu atalipiwa na nani?

Angalau siku hizi unaweza kuingia kwa mtandao, na nyaraka zao ziko wazi. Mdogo wangu, waraka ule wa Vasa nimekutumia kwenye WhatsApp, kurasa chache tu, usome kabla ya Jumapili tubishane. Mama, nitakupigia saa mbili. Ngoja niingie ndani, vidole vimeganda.