"Nina uhakika ni yeye"

Haya jamani habari za mchana, na wazee wangu mliokaa mbele shikamooni. Kabla sijaanza nina swali dogo, yule kijana aliyetuandika majina pale getini asubuhi, alivaa shati rangi gani? Mama kasema bluu. Kaka huyu kasema nyeupe, na dada kule nyuma anasema halikuwa shati ni tisheti. Sawa. Mmeona lakini, wote watatu mmejibu mkavu kabisa, hamna hata mmoja aliyesema "nadhani". Shikeni hapo hapo, ndo mada yangu yote ya leo, shahidi anavyoweza kuwa na uhakika kabisa na bado akakosea.

Wengi wetu tunaamini kichwa kinarekodi kama simu, tukio likipita limehifadhiwa, siku ukilitaka unalifungua. Siyo hivyo. Kila ukikumbuka jambo ubongo unalijenga upya, na unapojenga unaokota na vitu ulivyokuja kuvisikia baadaye. Mwaka 1974 kule Marekani wanasaikolojia Elizabeth Loftus na John Palmer waliwaonyesha wanafunzi vipande vya filamu za ajali za magari, wakawauliza magari yalikuwa spidi ngapi, wakabadilisha neno moja tu kwenye swali. Walioulizwa yalikuwa spidi ngapi "yalipobamizana" walitaja wastani wa maili 40.8 kwa saa, walioulizwa "yalipogusana" wakataja 31.8, na filamu ni zile zile! Jaribio la pili, kwa wanafunzi wengine, wakawarudia baada ya wiki, wakawauliza mliona vioo vimevunjika? Vioo vilivyovunjika havikuwepo kabisa, ila kati ya 50 walioulizwa kwa neno zito, 16 walisema ndiyo tuliviona, wakati wa neno la kawaida, "yalipogongana", walikuwa 7 kati ya 50. Sasa fikiria umetoka kuvamiwa, unatetemeka, unaulizwa "yule mwenye kovu alishika panga mkono gani?" na wewe kovu hukulitaja.

Nawapeleka Burlington, jimbo la North Carolina huko huko Marekani, Julai 1984. Jennifer Thompson, mwanafunzi wa chuo wa miaka 22, alivamiwa usiku chumbani kwake akabakwa. Na naomba mnisikilize vizuri, huyu dada hakuwa muongo wala mzembe. Wakati anafanyiwa ule unyama alijilazimisha kuisoma ile sura, macho, pua, nywele, ili akipona aje amtaje. Ni shahidi ambaye kila mpelelezi angemtamani.

Polisi wakamwekea picha 6 mezani, akaziangalia kama dakika 5, akachagua ya Ronald Cotton. Akaambiwa amefanya vizuri. Baadaye kwenye gwaride la utambulisho wakasimamishwa wanaume 7, akasita kati ya wawili, mwisho akamtaja Cotton tena, na akajulishwa kwamba ni yule yule aliyemchagua kwenye picha. Mnaona kilichofanyika? Cotton peke yake ndo alikuwepo kwenye picha na kwenye gwaride, kwa hiyo siku ya gwaride sura yake haikuwa ngeni tena, na ile kusita ikafutika kabisa. Mahakamani alisimama hana shaka hata chembe. Cotton akapigwa kifungo cha maisha na miaka mingine juu yake.

Gerezani Cotton akakutana na mfungwa anayeitwa Bobby Poole, wanafanana, na habari zikazunguka humo ndani kwamba Poole anajitapa ile kazi aliifanya yeye. Kesi ikasikilizwa upya 1987, Poole akaletwa mahakamani, Jennifer akamwangalia mtu aliyembaka kweli, akasema huyu sijawahi kumwona. Hapa mimi huwa naishiwa maneno. Siyo kwamba alidanganya, sura ya Poole kichwani mwake haikuwepo tena, ilishafunikwa. Cotton akarudishwa ndani, mpaka 1995 kipimo cha DNA kilipomwonyesha Poole, na Poole akakiri. Miaka kumi na nusu imeondoka.

Na ile "umefanya vizuri" siyo kitu kidogo. Watafiti Gary Wells na Amy Bradfield walilijaribu hilo 1998, watu wakaonyeshwa video ya mhalifu halafu picha ambazo mhalifu hakuwemo, kwa hiyo kila aliyechagua alikosea. Walioambiwa umempata, walidai sio tu wana uhakika zaidi, walidai hata walimwona vizuri zaidi siku ile! Ndo maana dawa waliyopendekeza watafiti, na North Carolina wakaiweka kwenye sheria 2007, ni kwamba anayeendesha gwaride asijue mtuhumiwa ni yupi, na shahidi aulizwe ana uhakika kiasi gani pale pale kabla hajaambiwa lolote, iandikwe kwa maneno yake.

Msiseme hayo ni ya Wamarekani. Mahakama yetu ya Rufani ya Tanzania kwenye kesi ya Waziri Amani, 1980, ilishasema ushahidi wa kumtambua mtu kwa macho ni wa aina dhaifu kuliko yote, usitumike mpaka kila uwezekano wa makosa uondoke, wakataja umbali, mwanga, muda aliomwangalia, na kama alimjua kabla. Na kwenye kesi ya Marwa Wangiti, shahidi kumtaja mtu mapema iwezekanavyo ndo kipimo kikubwa cha kumwamini. Sheria ipo jamani, tatizo liko huko kituoni, shahidi anamwona mtuhumiwa korido akishushwa na pingu, kesho yake anaitwa kwenye gwaride. Nyie wasaidizi wa kisheria mkipata faili msikimbilie alivyosema kizimbani, tafuteni maelezo yake ya kwanza polisi. Alisema nini usiku ule? Taa ilikuwa ya kibatari au ya umeme, alisema "namjua" au "nikimwona nitamjua"?

Jennifer na Cotton walikuja kukutana 1997 kanisani, akamwomba msamaha, Cotton akamsamehe, wamezunguka pamoja miaka mingi wakiongea haya haya ninayowaambia. Ila kuna kitu huyu mama amekisimulia ambacho sikisahau. Majibu ya DNA yalishatoka, akili imekubali, Poole amekiri kwa mdomo wake, na bado kwa muda mrefu usiku akiota lile tukio, sura iliyokuwa inamjia ilikuwa ya Cotton.