Kikwembe cha ndege

NSIMIRE: Jambo kwenu, hapa ni Bukavu, kipindi chetu cha kushona, na hiyo sauti mnayosikia ni mvua juu ya mabati. Mtuvumilie. Mugisho, umefika na gunia?

MUGISHO: Nimefika nalo. Mabaki ya wiki mbili kutoka Kadutu, yale ya pembe tatu yanayobaki ukishakata shingo na mikono. Leo tuliahidi mambo matatu: kishika-sufuria, mfuko wa soko, na kupiga pasi mshono wa viraka.

NSIMIRE: Gunia lingoje kidogo, kaka. Jumanne nimekata kikwembe cha mama, kile kitenge chake.

MUGISHO: Kipi?

NSIMIRE: Kile cha ndege.

MUGISHO: Hapana, dada.

NSIMIRE: Nimekikata.

MUGISHO: Kile cha tundu lililo wazi? "Si tu sors, je sors"?

NSIMIRE: Ndicho hicho. Sikilizeni ilivyokuwa. Mama alitutoka 2015, na tangu hapo kikwembe kilikuwa ndani ya sanduku, kimekunjwa vilevile alivyokikunja yeye. Jumanne nikakitoa nikianike kidogo. Nikakishika pembe mbili nikikung'ute, nikasikia "trrr". Kimechanika kwenye mkunjo, mstari ulionyooka kama nimepitisha wembe. Kitambaa chenyewe bado kizima, rangi bado kali, lakini pale kwenye mkunjo uzi umekwisha.

MUGISHO: Pamba ndivyo ilivyo. Ukiikunja mahali pamoja miaka mingi, uzi unavunjikia hapo. Ndiyo maana huwa nasema kila baada ya miezi michache fungua, kunja upya mahali pengine. Au kizungushie kwenye bomba la karatasi, kisiwe na mkunjo kabisa.

NSIMIRE: Wewe ulinifundisha, na mimi sikufanya, kwa sababu sikutaka kufungua mkunjo wa mkono wake.

MUGISHO: Eeh. Hapo nimekuelewa.

NSIMIRE: Basi nikakaa chini. Tuko mabinti wanne, kikwembe ni kimoja, yadi mbili. Nikapima viraka vya sentimita 15. Nikitoa sehemu iliyochanika, nikapata 80. Kila mmoja wetu 20: mistari minne ya viraka vitano. Ukila sentimita moja ya mshono kila upande, kiraka kinabaki 13, na unapata kitambaa cha 52 kwa 65. Ukikizungushia mabaki ya shuka, ni blanketi la mtoto mchanga.

MUGISHO: Hesabu yako ni safi. Lakini hebu kwanza uwaambie watu lile jina, maana kuna kijana anasikiliza na hajui tunalia nini.

NSIMIRE: Waambie wewe, ndiye uliyekulia chini ya meza ya vikwembe.

MUGISHO: Mama yangu aliuza vikwembe soko la Nyawera. Mzigo ukifika, kitambaa kilikuwa na namba tu. Wale wa kiwanda cha Vlisco, kule Helmond, Uholanzi, wanachapa tangu 1846, na mwanzoni walikuwa wanaiga batiki ya Java. Wao waliandika namba. Jina lilitoka sokoni, kwa mama wauzaji. Ndege anatoka tunduni: "Ukitoka, natoka". Mke anamwambia mume: ukienda kulala nje, usidhani mimi nitabaki kulinda mlango. Mwanamke anakivaa, anapita mbele ya mumewe kwenda kuchota maji. Hajasema neno, na mtaa mzima umesikia.

NSIMIRE: Na "Mon mari est capable"?

MUGISHO: Mume wangu anaweza! Hicho unakivaa siku ya arusi ya wifi yako.

NSIMIRE: Na kile cha mbayuwayu, watu wanasema pesa ina mabawa.

MUGISHO: Huyo mbayuwayu nimemshona mara nyingi kuliko shati. Na ukimshona kichwa chini, mteja anakirudisha. Ndege wote waangalie juu, kwa hiyo kitambaa kinaliwa zaidi, na mabaki yanakuwa mengi. Nusu ya gunia hili ni mbayuwayu.

NSIMIRE: Mama alikivaa cha ndege mara moja tu mbele yangu. Nilikuwa na miaka kama tisa. Baba alikuwa amekaa kizingitini. Akainua macho, akayashusha. Jioni hiyo alikula nyumbani.

MUGISHO: Sasa niambie, dada. Ulipokata za 15, ndege alibaki na tundu lake?

NSIMIRE: Hapana. Tundu limeangukia kiraka kimoja, ndege kingine.

MUGISHO: Umeona? Umekata maneno ya mama katikati. Dada mmoja ana tundu tupu, mwingine ana ndege asiye na kwao.

NSIMIRE: Na wakikutana wanne, maneno yanakamilika. Ndivyo nilivyotaka.

MUGISHO: Mimi sikubali. Kikwembe kizima kinabeba mtoto mgongoni. Kinafunika maiti, kinafunga mzigo siku ya kukimbia. Mwaka ule tuliokimbia, mama yangu aliuza vikwembe vitatu tukala mwezi. Kiraka hakiuziki. Ungeshona ule mchaniko kwa mkono, ukaweka kitambaa chepesi nyuma, kikabaki kimoja.

NSIMIRE: Kikabaki kwa nani? Mimi mkubwa? Wadogo zangu wangekuwa wanakuja kukisalimia sandukuni? Miaka yote hiyo hakikubeba mtoto yeyote, Mugisho. Kilibeba naftalini.

MUGISHO: Mngekipokezana. Mwaka huu kwako, mwaka ujao kwa mwingine.

NSIMIRE: Unawajua wadogo zangu?

MUGISHO: Nawajua. Hata hivyo, nisingekata.

NSIMIRE: Na mimi ningekata tena kesho.

MUGISHO: Haya.

NSIMIRE: Haya.

(mvua)

MUGISHO: Zimebaki dakika ngapi?

NSIMIRE: Tatu. Na betri inawaka nyekundu.

MUGISHO: Basi kishika-sufuria hakiwezekani. Mfuko wa soko nao una mishipi, hauingii dakika tatu. Niseme moja tu: kabla ya kuunganisha kitambaa kipya na cha zamani, kama lile baki la kikwembe cha 8 Machi, siku ya wanawake, na shuka la zamani, fueni vyote kwanza. Kipya kitaingia maji na kupungua, cha zamani kimeshapungua, na mshono wenu utajikunja kama uso wa mtu anayekula limao.

NSIMIRE: Na mshono wa viraka, pasi ilale upande mmoja, upande wa kitambaa chenye rangi nzito, usionekane kwa mbele. Pasi ya makaa, ikung'ute majivu kabla...

MUGISHO: Hiyo ya majivu ni ya wiki ijayo, dada, ina maneno mengi.

NSIMIRE: Sawa. Lakini nina ombi. Pindo la haya mablanketi manne ni tabaka tatu, na sindano yangu imevunjika mara mbili.

MUGISHO: Unatumia namba 14. Leta kwangu, nitaweka 16, ni nene zaidi. Na nikiwa napanga viraka, nitamrudisha ndege kwenye tundu lake.

NSIMIRE: Viraka nimeshavipanga. Nakuletea ushone pindo tu.

MUGISHO: Leta kwanza nivione.

NSIMIRE: Pindo tu, Mugi—