Ukungu, si Mvuke: Picha za Kidijitali katika Somo la Sigara za Kielektroniki
(Mhadhara uliotolewa kwa walimu na wazazi, Tanga)

Waheshimiwa walimu, wazazi na walezi wenzangu, shikamooni wakubwa zangu, na wengine nawasalimu kwa heshima. Nawashukuru kwa kuziacha shughuli za Jumamosi, wengine mkitoka Muheza na Pangani, ili tuzungumze namna ya kuwafundisha vijana wetu madhara ya sigara za kielektroniki, zile ambazo wao wanaziita vepu, kwa kutumia picha za kidijitali.

Nianze na somo nililolikosea. Katika shule moja ya sekondari niliwaonyesha wanafunzi wa kidato cha pili, kwa projekta, picha ya mapafu yaliyogeuka meusi. Wengine walifumba macho, wengine wakaguna, nami nikaamini kwamba somo limeingia. Kisha msichana mmoja aliyekaa nyuma akauliza: "Mwalimu, weusi huo si wa lami ya sigara? Kifaa hiki hakichomi tumbaku, sasa weusi unatoka wapi?" Alikuwa sahihi. Lami ile hutokana na jani linaloungua, na kifaa hiki hakiunguzi jani lolote. Tangu hapo kila nililosema, hata lililo kweli, lilisikilizwa kwa mashaka, na walikuwa na haki.

Ndiyo maana nashikilia kwamba kazi ya picha katika somo hili ni kuonyesha kisichoonekana, na kutisha hakusaidii. Mtafiti Kim Witte alieleza mwaka 1992 kwamba mtu anayetishwa bila kuonyeshwa hatua anayoiweza huishughulikia hofu yake badala ya hatari yenyewe: hugeuza uso, hukana, au humpuuza msemaji. Macho yaliyofumbwa mbele yangu siku ile yalikuwa yakifanya hivyo hasa.

Kitu cha kwanza kisichoonekana kinafichwa na lugha yetu wenyewe. Tunasema kijana anavuta mvuke, na mvuke kwa Mswahili ni ule unaopanda kutoka kwenye sufuria ya wali, maji matupu. Zaidi ya hapo, watoto wa pwani hii wamelelewa katika nyumba zenye chetezo, ambamo udi na ubani ni heshima kwa mgeni. Pua iliyozoea kwamba harufu nzuri ni dalili ya usafi haitashtuka inapokutana na harufu ya embe au minti. Siulaumu udi, naeleza tu mahali kijana anapoanzia. Kwa hiyo picha ya kwanza iwe kibonzo kifupi kinachokifungua kifaa: betri inaupasha joto waya uliozungushwa kwenye utambi, utambi umelowa kimiminika chenye propilini glaikoli, glisarini, vionjo na mara nyingi nikotini, na kinachotoka ni ukungu wa matone madogo mno yaliyobeba vitu hivyo. Neno "ukungu" liandikwe juu ya picha yenyewe. Kisha tuufuate ukungu huo hadi kwenye vifuko vya hewa vya mapafu, ambavyo vikitandazwa hufunika takribani mita za mraba 70, eneo linalozidi sakafu ya darasa la kawaida. Mwanafunzi akiitazama sakafu ya chumba alichomo, ataelewa ni eneo gani analolilowesha.

Picha ya pili ni ya ubongo, na hapa ndipo ninapoomba tutumie muda mwingi zaidi. Nikotini inayovutwa huufikia ubongo ndani ya sekunde 10 hadi 20. Huko hukalia vipokezi vilivyowekwa kwa ajili ya kemikali ya mwili wenyewe, asetilikolini, na kuufanya ubongo utoe dopamini, inayoleta hisia ya kuridhika. Matumizi yakiendelea, ubongo huongeza vipokezi, na vikikosa nikotini kijana hukasirika upesi, hukosa utulivu na hushindwa kufuatilia somo. Yakiandikwa ubaoni, maneno haya ni mazito. Lakini mwanafunzi anayeona vipokezi vikiongezeka siku baada ya siku, kisha vikibaki vitupu asubuhi kabla ya kipindi cha kwanza, hutambua mwenyewe kwamba raha anayoifuata sasa ni kutulizwa kwa njaa iliyoletwa na kifaa hichohicho. Na ubongo huendelea kukomaa hadi karibu na umri wa miaka 25.

Wako watakaopenda kuonyesha picha za vijana waliolazwa Marekani mwaka 2019 kwa maradhi ya mapafu. Hadi Februari 2020 walikuwa wamehesabiwa wagonjwa 2,807 waliolazwa au kufariki, na vifo vilivyothibitishwa vilikuwa 68. Tuwasimulie vijana habari hiyo, lakini tuseme pia kwamba wengi wao walikuwa wamevuta vimiminika vyenye kemikali ya bangi, na kwamba asetati ya vitamini E iliyochanganywa humo ndiyo iliyohusishwa sana na maradhi hayo. Kijana mwenye simu janja atayapata maelezo haya jioni ileile, na heri ayasikie kwetu kwanza.

Video isizidi dakika mbili, iwe na sauti ya Kiswahili, na iwe ndogo kiasi cha kurushwa simu kwa simu bila bando. Isimamishwe katikati ili wanafunzi wabashiri kitakachofuata. Asionekane mtu akipuliza wingu la kuvutia, kwa maana hilo ni tangazo la biashara. Baada ya video, wanafunzi waigize na kurekodi, kwa simu ya mwalimu, jinsi watakavyomjibu rafiki anayewapa kifaa njiani, ili kila mmoja atoke darasani akiwa na maneno yake mwenyewe ya kukataa.

Picha zilizobaki ni zetu sisi watu wazima. Mwaka 2003, wakati mfamasia Hon Lik wa China alipobuni kifaa hiki, Bunge letu lilikuwa likitunga sheria ya kudhibiti bidhaa za tumbaku, na sisi tulioikuta sigara ya kiberiti bado tunaitafuta kwa harufu ya moshi kwenye shati la mtoto. Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba katika kanda zake zote watoto wa miaka 13 hadi 15 wanatumia vifaa hivi kwa kiwango kinachozidi cha watu wazima. Vingine vinafanana na kalamu, vingine na flashi ya kompyuta, na mzazi huweza kukiokota kimoja mezani na kukirudisha kwenye mkoba wa shule. Naomba madirisha ya upande wa barabarani yafungwe, tuvitazame kimoja kimoja.