Mali Yake kwa Jina Lake: Mwanamke Mwislamu Anapoanzisha Biashara

ZUHURA: Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh, wasikilizaji wetu. Mimi ni Zuhura, na niko hapa na mdogo wangu Salma kama kawaida. Leo tunamzungumzia mwanamke Mwislamu anayeanza biashara kutoka sifuri, bila duka la kurithi na bila jina la familia sokoni. Swali tunaloulizwa kuliko yote ni la mtaji, lakini nimemwomba Salma tulisogeze mbele kidogo, kwa sababu kuna jambo linalotangulia mtaji, nalo ni umiliki.

SALMA: Waalaykum salaam warahmatullahi wabarakatuh, dada Zuhura. Wasikilizaji wengi watashangaa. Mtu hana hata fedha ya kununulia mzigo wa kwanza, nawe unamwuliza mmiliki ni nani?

ZUHURA: Namwuliza, kwa kuwa siku fedha itakapopatikana, swali hilo litakuwa limekwisha kujibiwa na watu wengine kwa niaba yake. Leseni itakuwa na jina la mume au la kaka, akaunti ya benki itakuwa ya mtu mwingine, na mkataba wa pango utakuwa umetiwa saini na yule aliyekuwa na nafasi asubuhi hiyo. Hakuna aliyekusudia kumdhulumu. Imetokea tu kwa kurahisisha mambo. Lakini Qur'ani, katika Suratun Nisaa aya ya 32, imetamka wazi kwamba wanaume wana fungu katika walichokichuma na wanawake wana fungu katika walichokichuma. Mali ya mke haiwi ya mume kwa sababu ya ndoa. Mwanamke aliyeolewa Uingereza alilazimika kusubiri sheria ya mwaka 1882 ndipo apate haki kamili ya kumiliki mali yake mwenyewe, ilhali mwanamke Mwislamu alikuwa nayo haki hiyo tangu karne ya 7. Inaniuma sana kuona haki iliyoteremshwa mapema kiasi hicho ikiachwa ipotee kwenye fomu ya usajili.

SALMA: Na hasara yake huonekana siku ya msiba.

ZUHURA: Hapo hasa. Chukua mwanamke aliyeijenga biashara kwa mikono yake miaka yote, lakini kila karatasi ina jina la mume. Mume akifariki, biashara ile inahesabiwa kuwa sehemu ya tarika, yaani mali aliyoiacha marehemu. Mke ambaye mumewe ameacha watoto hurithi thumni, sehemu moja ya nane, na kama hakuacha mtoto hurithi robo. Kwa hiyo mwanamke huyu atapewa moja ya nane ya kitu ambacho chote kilikuwa chake, na warithi wengine watagawana kilichobaki wakiwa na nia safi kabisa, kwa kuwa hakuna karatasi inayowaambia vinginevyo. Mgawanyo wa mirathi hauna kosa; kilichokosewa ni kuingiza katika mirathi mali isiyokuwa ya marehemu.

SALMA: Nikuulize kwa niaba ya dada ambaye mumewe ndiye aliyetoa fedha za kuanzia. Akidai maandishi, si ataonekana hamwamini mwenzake? Wapo wanaosema kuandikishana ndani ya nyumba ni kuleta mahakama sebuleni.

ZUHURA: Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, aya ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu kuandika deni. Inasema tusichoke kuliandika, liwe dogo au kubwa, pamoja na muda wake, na haikuwatoa mume na mke. Ninalomshauri dada huyo ni kuuliza swali moja kwa upole siku ile ile fedha inapotolewa: hii ni zawadi, ni mkopo, au ni ushirika? Ikiwa ni zawadi, basi imekuwa yake na faida yake ni yake. Ikiwa ni mkopo, atarudisha kiasi kile kile bila nyongeza, na faida yote ni yake. Ikiwa ni ushirika, mume anastahili fungu la faida na anabeba fungu la hasara. Majibu haya matatu yanaelekeza njia tatu mbalimbali kabisa, na ugomvi mwingi wa miaka ya baadaye unatokana na kila mmoja kubaki na jibu lake moyoni.

SALMA: Na upande wa pili wa shilingi: biashara imeanza kulipa, na mke ndiye anayenunua mahitaji ya nyumba.

ZUHURA: Nafaqa, yaani matumizi ya nyumba, inabaki kuwa wajibu wa mume hata kama mke ni tajiri. Akichangia, anatoa kwa hiari yake. Kuna mafunzo makubwa katika kisa cha Zainab, mke wa sahaba Abdullah bin Mas'ud, mwanamke aliyekuwa na kazi ya mikono na aliyekuwa akimsaidia mumewe kwa kipato chake. Alipoulizia kwa Mtume (S.A.W.) kama matumizi hayo yanahesabiwa kuwa sadaka, jibu lilikuwa kwamba ana malipo mawili, malipo ya udugu na malipo ya sadaka. Sasa tafakari: mtu hawezi kutoa sadaka kwa mali isiyokuwa yake. Jibu lile lenyewe limethibitisha kwamba kipato kilikuwa cha Zainab.

SALMA: Basi sasa niruhusu nifike kwenye mtaji, dada, maana nimevumilia vya kutosha. Tukimtaja Bibi Khadija (R.A.), mara nyingi tunataja utajiri wake na kuishia hapo. Mimi hunivutia zaidi namna alivyofanya kazi. Hakusafiri mwenyewe na misafara; alikuwa akiwapa watu mali yake waifanyie biashara kwa fungu la faida, na ndivyo Mtume (S.A.W.), kabla ya utume, alivyokwenda Sham, yaani nchi za upande wa Syria, na bidhaa zake akifuatana na Maysara, mtumishi wa Bibi Khadija. Wanachuoni wa fiqhi, yaani sheria ya Kiislamu, wanauita mkataba wa namna hiyo mudharaba: mmoja anatoa mtaji, mwingine anatoa kazi.

ZUHURA: Waeleze kwa hesabu, Salma, kwani hapa ndipo watu wanapokosea.

SALMA: Tuseme, kwa fedha ya nchi yoyote ile, shangazi amekupa milioni 10, na mmekubaliana faida igawanywe asilimia 60 kwako unayefanya kazi na asilimia 40 kwake. Mkipata faida ya milioni 2, wewe unachukua milioni 1 na laki 2, naye anachukua laki 8. Mkipata hasara ya milioni 1, hasara hiyo ni ya mtaji wa shangazi, na wewe umepoteza jasho lako, isipokuwa ikithibitika kwamba ulizembea au ulivunja masharti yake. Kinachobatilisha mkataba huu ni ile kauli ya mazoea, "nipe laki 1 kila mwezi, mengine hayanihusu." Kiasi maalumu kisichotazama faida wala hasara, huku mtaji ukiwa umedhaminiwa kurudi, kimegeuka kuwa mkopo wenye riba, hata kama aliyetoa fedha ni shangazi mwenye huruma na hata kama mmeuita ushirika.

ZUHURA: Na fungu lazima litokane na faida, si na mtaji wala mauzo.

SALMA: Naam. Kama na wewe umeweka fedha yako, mambo yanahamia kwenye musharaka. Humo faida inagawanywa kama mlivyokubaliana, lakini hasara inakwenda kwa kadiri ya mtaji wa kila mmoja: aliyeweka robo anabeba robo ya hasara, hapunguziwi wala haongezewi. Ningependa wanawake wawili marafiki wanaotaka kufungua biashara pamoja waandike pia namna ya kuachana. Nani atanunua sehemu ya mwenzake, na bidhaa zitathaminiwa na nani? Ni rahisi kuyajibu maswali hayo mkiwa bado mnapendana.

ZUHURA: Vipi kuhusu benki?

SALMA: Nitasema kwa ufupi. Katika murabaha, benki inanunua mashine au mzigo, inaumiliki, kisha inakuuzia kwa bei ya juu zaidi mliyokubaliana, nawe unalipa kidogo kidogo. Uulize jambo moja tu kabla ya kutia saini: je, benki imeimiliki bidhaa hii kweli kabla ya kuniuzia, au imenipa fedha mkononi na kuita faida jina jingine? Na bei ikishafungwa, isiongezeke kwa sababu umechelewa kulipa.

ZUHURA: Na mchezo wa kupokezana fedha baina ya wanawake wanaoaminiana, ambao wanachuoni wengi wanauhesabu kuwa mkopo mwema wa zamu, usidharauliwe, mradi kila mmoja apokee sawasawa na alichochanga. Biashara nyingi ndogo hazihitaji zaidi ya hapo kuanza. Sasa nataka tufike kwenye mauzo ya mtandaoni, kwa kuwa wanawake wengi wanaanzia nyumbani na simu ndiyo duka lao.

SALMA: Na ndipo penye mtego mmoja mzito: kupiga picha bidhaa ya mtu mwingine, kuitangaza kama yako, kupokea fedha, halafu ndipo uanze kuitafuta. Mtume (S.A.W.) aliulizwa na Hakim bin Hizam kuhusu mtu anayemjia kutaka kitu asichokuwa nacho, akamwambia asiuze kitu asichokuwa nacho. Hakim huyo alikuwa mtoto wa kaka yake Bibi Khadija, na alikuwa mfanyabiashara. Swali lake lilikuwa la sokoni hasa, la mtu aliyetaka kujua mipaka ya kazi yake.

ZUHURA: Basi mwanamke asiye na mtaji wa kuweka bidhaa ndani afanyeje?

SALMA: Milango ipo. Anaweza kuwa wakala wa mwenye bidhaa kwa ujira unaojulikana, na mnunuzi akajua kwamba anauziwa bidhaa ya fulani. Anaweza kuchukua mali kauli, akakubaliana na mwenye mali waziwazi kama anauza kwa niaba yake au amekwisha kuinunua kwa deni. Na kama anatengeneza mwenyewe, kuna istisnaa, yaani agizo la kutengenezewa kitu, ambalo Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha Jeddah mwaka 1992, lilikubali kuwa ni mkataba unaozifunga pande zote mbili, na kwamba malipo yanaweza kucheleweshwa au kutolewa kwa awamu. Fundi wa nguo anayepokea maagizo kuelekea Idi asiridhike na ujumbe wa "sawa, nitakushonea." Aandike aina ya kitambaa na nani anakileta, vipimo, rangi, mtindo, bei yote, kiasi kilichotangulizwa, na siku ya kukabidhi. Mteja ajibu kwamba amekubali. Ujumbe huo mmoja wa simu unatosha kuzuia lawama zote za usiku wa kuamkia sikukuu.

ZUHURA: Nami naongeza daftari. Nimeona wanawake hodari wa kuuza ambao hawajui kama wanapata faida, kwa sababu fedha ya biashara na ya nyumba zinalala pamoja. Mtoto anahitaji nauli, mama anavuta noti kwenye droo ya mauzo. Mgeni amefika, noti nyingine inatoka. Jioni mzigo umepungua na fedha haionekani. Ajipangie posho yake ya kila wiki au kila mwezi na aiandike kama anavyoandika pango. Akichukua kitu nje ya posho hiyo, hata sabuni moja ya kuuza, akiandike kwa jina lake mwenyewe kama angemwandika mteja aliyekopa. Na wanaokopa waandikwe kwa tarehe ya kulipa, wakiwemo mawifi na majirani. Kuona haya kumwandika wifi ni jambo la kibinadamu, lakini haya hiyo hailipi mzigo unaofuata.

SALMA: Daftari hilo hilo ndilo litakalomsaidia kutoa zaka, jambo ambalo wafanyabiashara wadogo huliahirisha kwa kudhani ni la matajiri.

ZUHURA: Zaka ya biashara inaangalia nisabu, yaani kiwango cha chini cha mali kinachowajibisha zaka, ambayo kwa dhahabu ni thamani ya gramu 85, na kupita kwa mwaka wa hijria, ambao ni mfupi kuliko mwaka wa kawaida kwa siku 11 hivi. Siku hiyo ikifika, anathamini bidhaa za kuuza kwa bei ya soko ya siku hiyo, anaongeza fedha taslimu na madeni anayotarajia kulipwa, anapunguza madeni yanayomkabili, kisha anatoa asilimia 2.5. Tuseme bidhaa ni milioni 4, fedha taslimu milioni 1, anadai laki 5, na anadaiwa milioni 1 na nusu. Kinachobaki ni milioni 4, na ikiwa kimefikia nisabu, zaka yake ni laki 1.

SALMA: Na cherehani, rafu, mizani, friji?

ZUHURA: Vyombo vya kazi havimo, kwa kuwa havikununuliwa ili viuzwe. Ila kitambaa kilichobaki kwenye rafu kinahesabiwa chote, hata kile cha msimu uliopita kisichopendwa tena, kwa bei kinayoweza kupata leo. Wale wanaodai watu na wamekata tamaa ya kulipwa hawatoi zaka ya deni hilo sasa. Suala linarudi siku fedha itakapofika mkononi, na hapo madhehebu yana maelezo yake, hivyo kila mmoja amwulize mwanachuoni wa kwao.

SALMA: Dada Zuhura, ahsante. Tumepokea pia maswali kuhusu kuajiri wafanyakazi na kupanga mishahara yao, nayo tumeyatengea kipindi kijacho, inshaallah. Mwenye mkataba wa ushirika aliokwisha kuuandika, na angependa tuupitie vifungu vyake bila kutaja jina la mtu, atutumie kabla ya hapo.

ZUHURA: Na atutumie kurasa zote, pamoja na ile yenye masharti ya kuachana. Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.