Alama imegeuka, deni limebaki

[Mngurumo wa jenereta. Kiti kinaburutwa.]

NGOIE: Jambo yenu, jambo yenu! Mkisikia kitu kinanguruma nyuma yetu, si mvua inakuja. Ni jenereta ya jirani wa Yaya Mado, hapa Katuba, Lubumbashi. Umeme umeondoka tangu saa nane, na sisi mnatujua, hatungoji umeme.

YAYA MADO: Jambo yenu. Ngoie amefika, amechelewa, na nimemlipia moto, pikipiki ya abiria.

NGOIE: Yaya, tusianze na hiyo.

YAYA MADO: Sijaanza. Natoa habari tu. Leo tuliahidi mambo matatu: ekwasio, zile za alama ya sawasawa; inekwasio, zile za kuzidi na kupungua; halafu fonksio. Watoto wa humanite, yaani sekondari ya juu, chukueni kaye na kalamu. Tunakwenda kwa mpango.

NGOIE: Kabla ya mpango, nina aibu ya kueleza.

YAYA MADO: Aibu gani tena?

NGOIE: Jumanne jioni. Mshumaa mezani, binti yangu na kaye yake. Yuko mwaka wa kwanza wa humanite. Ananiuliza, "Papa, hii inafanywaje?" Natazama: -2x + 6 > 10. Yaya, moyo ulifurahi! Maana akileta mambo ya kemia nasingizia kichwa kinauma. Lakini hii naijua. Nikamwambia: sita inavuka, inabaki -2x > 4. Gawa kwa -2. x > -2. Kwisha. Nikaenda kula bukari yangu kwa heshima.

YAYA MADO: Mama yangu.

NGOIE: Kesho yake, interogasio. Maswali matano, kila moja pointi mbili. Mtoto amefuata njia ya Papa toka juu hadi chini. Mbili kwa kumi.

YAYA MADO: Na hizo mbili zilitoka wapi?

NGOIE: Swali la kwanza lilikuwa na alama ya sawasawa. Pale njia yangu haikuharibu kitu.

YAYA MADO: Njo vile. Ekwasio ni mizani iliyotulia. Gawa pande zote mbili kwa namba hasi, bado imetulia. Ila mizani ikiwa imelala upande mmoja, ukaigawa kwa hasi, inalala upande wa pili. Jibu lilikuwa x < -2.

NGOIE: Sasa nyumbani naitwa Papa Mkubwa-Kuliko. Shemeki amepiga simu toka Likasi, sijui nani alimwambia, anauliza, "Papa Mkubwa-Kuliko yuko?"

YAYA MADO: Na ungejiokoa kwa nusu dakika. Chukua sifuri. Sifuri inazidi -2, kwa hiyo kwa jibu lako inafaa. Irudishe ndani: -2 mara 0, ongeza 6, unapata 6. 6 inazidi 10?

NGOIE: Haizidi.

YAYA MADO: Chukua -3. -2 mara -3 ni 6, ongeza 6, ni 12. Inazidi. Nusu dakika, Papa Mkubwa-Kuliko.

NGOIE: Na wewe tena! Haya. Kanuni nimeshaambiwa: ukizidisha au ukigawa kwa hasi, geuza alama. Hata muuza makaa wa njia yetu ameniambia. Lakini hakuna aliyeniambia ni kwa nini.

YAYA MADO: Wewe ndiye ungeielewa kuliko watu wote wa mji huu. Ni deni. Wewe una falanga 3,000, mimi 5,000. Nani anazidi?

NGOIE: Wewe.

YAYA MADO: Sasa geuza. Wewe unadaiwa 3,000, mimi nadaiwa 5,000. Nani yuko na hali nzuri?

NGOIE: Inategemea.

YAYA MADO: Inategemea nini?

NGOIE: Hapa Lubumbashi? Mwenye deni kubwa ndiye mkubwa! Nani anamkopesha maskini? Anayedaiwa dola laki moja wanamwita patroni, wanamfungulia mlango wa gari. Anayedaiwa falanga elfu tatu za maharage wanamfuata mpaka kanisani.

YAYA MADO: Ngoie, ni mfano.

NGOIE: Ni mfano mbaya! Ukimwambia mtoto wangu -3 ni kubwa kuliko -5 kwa sababu ya deni, atatazama nje, aone wenye madeni wanapita na magari, halafu atageuza alama kinyume tena. Mbili kwa kumi.

YAYA MADO: Mfano huo una umri kuliko Kongo nzima. Mwaka 628, kule India, Brahmagupta alitoa kanuni za namba hasi na akaziita madeni. Zile chanya aliziita mali. Deni likiondolewa kwenye sifuri, linakuwa mali.

NGOIE: Subiri. Rudia hiyo.

YAYA MADO: Sifuri, toa deni, unapata mali. Sifuri kutoa -5 ni 5.

NGOIE: Yaani mtu akisamehewa deni, amepata mali. Huyo alikuwa mtu mwema. Yaya, umemsikia Brahmagupta?

YAYA MADO: Nimemsikia. Hakuna mahali aliposema nisamehe falanga za moto.

NGOIE: Soma vizuri, labda iko.

YAYA MADO: Turudi kwenye mpango.

NGOIE: Dakika moja. Unajua ule mfupa wa Ishango? Ulinionyesha picha yake.

YAYA MADO: Usiingie huko.

NGOIE: Naingia. Wasikilizaji, Ishango iko Kivu ya Kaskazini, pale mto Semliki unapotoka kwenye ziwa Edouard. Mwaka 1950 Mbelgiji mmoja, Jean de Heinzelin, akachimbua mfupa mdogo, una mikato kwenye safu tatu, mikato imepangwa kwa mafungu. Una miaka ngapi, Yaya?

YAYA MADO: Kama 20,000. Na wasomi hawajaafikiana. Kuna wanaosema ni hesabu, kuna wanaosema ni kalenda ya mwezi wa angani.

NGOIE: Wanapoteza muda. Lile ni daftari la duka.

YAYA MADO: [anacheka] Ngoie.

NGOIE: Fikiri! Watu wanakaa kando ya ziwa. Wanavua samaki. Mmoja anakosa, anamwambia jirani, "Nipe wanne, nitarudisha." Jirani anasema sawa, anachukua mfupa, anakata: moja, mbili, tatu, nne. Safu ya pili, mdaiwa wa pili. Safu ya tatu, shemeki.

YAYA MADO: Kwa nini shemeki ana safu yake peke yake?

NGOIE: Kwa sababu halipi. Na mfupa uko wapi leo?

YAYA MADO: Brussels, kwenye jumba la makumbusho.

NGOIE: Kumbe hata daftari la madeni yetu walilibeba! Sasa tutamdai nani?

YAYA MADO: [anacheka muda mrefu] Basi. Basi. Tuko dakika ya ngapi?

NGOIE: Kumi na tisa.

YAYA MADO: Dakika kumi na tisa, na hatujafanya ekwasio hata moja.

NGOIE: Tumefanya ya samaki. Lakini sikumaliza habari ya mtoto. Alhamisi amerudi, amekaa, ananiambia, "Papa, mimi sitagawa tena kwa hasi maisha yangu yote." Nikamwuliza utafanyaje. Akachukua ileile, -2x + 6 > 10. Akaongeza 2x pande zote. Akatoa 10 pande zote. Inabaki -4 > 2x. Akagawa kwa 2, namba chanya kabisa: -2 > x. Alama haikuguswa hata mara moja!

YAYA MADO: Jibu ni sahihi.

NGOIE: Nasikia "lakini" inakuja.

YAYA MADO: Lakini ni kukimbia.

NGOIE: Kukimbia wapi? Hakuna aliyemfundisha! Na wewe mwenyewe ulitueleza hapa kwamba neno aljebra limetoka kwa Al-Khwarizmi, Baghdad, karne ya 9. Al-jabr: kitu kimepunguzwa upande mmoja, unakirudisha kwa kukijumlisha pande zote mbili. Ndicho alichofanya mtoto. Amefanya aljebra kwa maana yake ya kwanza kabisa.

YAYA MADO: Na Al-Khwarizmi huyo hakukubali jibu hasi. Kwake hiyo x iliyo chini ya -2 haipo. Usimlete hapa kama shahidi wako, atakugeukia.

NGOIE: Hiyo ni njia ya mwanasheria.

YAYA MADO: Haya, njia ya ubao. (a - 1)x > 3. Mtoto wako atahamishia nini upande gani?

NGOIE: a ni ngapi?

YAYA MADO: Ndiyo! a ni ngapi? Hujui. Ikizidi 1, unagawa na alama inabaki. Ikiwa chini ya 1, unagawa na alama inageuka. Ikiwa 1 yenyewe, umebaki na 0 > 3, hakuna jibu. Kesi tatu. Huwezi kumkimbia mtu ambaye hujui amesimama upande gani.

NGOIE: Na mtoto wa mwaka wa kwanza atakutana wapi na hiyo a yako?

YAYA MADO: Atakutana nayo akipanda madarasa.

NGOIE: Akipanda, atajifunza.

YAYA MADO: Akipanda, atakuwa amezoea kukimbia miaka yote hiyo. Mtihani wa serikali haungoji mtu azunguke nyumba ndipo aingie. Nimesahihisha makaratasi miaka ishirini na miwili, Ngoie. Wanaoanguka si wale wasiojua kanuni. Ni wale wenye njia ya mkato iliyowasaidia mara kumi, ya kumi na moja ikawaacha barabarani. Mpe 1/x < 2. Atafanya nini?

NGOIE: Atazidisha kwa x. 1 < 2x. x inazidi nusu.

YAYA MADO: Na -1? 1 gawa kwa -1 ni -1. Inapungua 2 au haipungui?

NGOIE: ...Inapungua.

YAYA MADO: Kwa hiyo -1 ni jibu, naye amelitupa. Namba hasi zote ni majibu, amezitupa zote.

NGOIE: Hapo nilijibu mimi, si yeye! Yeye angepeleka vyote upande mmoja, achore jedwali la alama, wapi ni chanya, wapi ni hasi. Na jedwali hilo wewe unalifundisha! Si ni kukimbia vilevile?

YAYA MADO: Jedwali tunachora kwa sababu hatujui x ni hasi au chanya.

NGOIE: Sawa.

YAYA MADO: Ila -2 anaijua. Iko pale, imevaa alama yake mbele ya uso. Kwa nini aiogope?

NGOIE: Haiogopi. Ameamua asipite njia hiyo. Nikijua njia fulani ina shimo, nikipita nyingine, mimi ni mwoga?

YAYA MADO: Siku ile nyingine ikifungwa, ndiyo.

NGOIE: Siku zote unasema "siku ile". Mimi naongea Alhamisi. Mtoto aliyelia Jumatano, Alhamisi anacheka na kaye mkononi. Unataka nimwambie hapana, rudi ukagawe kwa hasi?

YAYA MADO: Nataka umwambie afanye zote mbili.

NGOIE: Sitamwambia.

YAYA MADO: Basi mlete kwangu, nitamwambia mimi.

NGOIE: Kwa hiyo simleti.

[Kimya. Jenereta inakohoa, inaendelea.]

YAYA MADO: Una ukaidi wa ajabu.

NGOIE: Nimefundishwa na nani?

YAYA MADO: Simu yako ina chaji kiasi gani?

NGOIE: Asilimia sita. Jirani naye nadhani petroli inamwishia.

YAYA MADO: Na fonksio? Niliandaa kurasa mbili! Kutafuta domeni, yaani x zinazoruhusiwa, kuchora mstari, kila kitu.

NGOIE: Watungoje.

YAYA MADO: Hapana, hawangoji. Nafanya moja, haraka. Jumamosi tatu nimekulipia moto toka Ruashi. Tuseme kila safari nauli ni x. Ulinirudishia falanga 6,000. Deni lako ni 3x - 6,000.

NGOIE: Eh! Hii haikuwa kwenye mpango.

YAYA MADO: Unaingiza nauli, linatoka deni. Nauli moja, deni moja, si mawili. x ikiwa 5,000, deni ni 9,000. Hiyo ndiyo fonk...

NGOIE: x ni 4,000.

YAYA MADO: Ni 5,000.

NGOIE: Kwa 4,000, deni ni 6,000. Nimehesabu vizuri?

YAYA MADO: Hesabu ni nzuri. x ndiyo ya uongo.

NGOIE: Yaya, ile 5,000 ilikuwa siku ya mvua! Huwezi kuchukua bei ya mvua ukaizidisha mara tatu.

YAYA MADO: Basi hatuna x moja, tuna x ya mvua na x ya jua. Andika: deni ni sawa na...

NGOIE: Asilimia tatu. Wasikilizaji, aksanti sana!

YAYA MADO: Ngoie, usizime. Mvua ilinyesha Jumamosi mbili, si moja. Mbili! Ngoie, usizi...