Kuitambua Sarafu ya Kirumi Iliyolika: Anzeni Upande wa Nyuma

Habari za jioni, ndugu zangu, na ahsanteni kwa kuja.

Mtu akipata sarafu ya Kirumi ya shaba iliyolika, hukimbilia sura. Anataka kujua kaizari ni nani. Mimi nawaomba muigeuze. Kwa vile visarafu vya karne ya 4, ambavyo huokotwa kwa wingi sana, upande wa nyuma ndio wenye habari, na hutoa habari hata maandishi yote yakiwa yamefutika.

Sarafu kubwa za karne ya 1 na ya 2 sitazisemea sana. Sestertius ina kipenyo cha zaidi ya milimita 30 na uzito wa gramu 25 hivi. Ukiikuta imelika, mara nyingi herufi S na C bado zipo upande wa nyuma, alama ya idhini ya Seneti. Sura zake nazo ni kubwa. Shingo nene ya Kaizari Nero au ndevu za Kaizari Hadrian utazijua hata zikibaki kivuli tu. Taabu iko kwenye vidogo.

Tazameni picha hii. Milimita 16, gramu 1.6. Kichwa kimeelekea kulia, na kisogoni zinaning'inia ncha mbili za utepe. Pua imekwisha, nywele zimekwisha, na ya maandishi ya ukingoni vimebaki vijiti vijiti. Huyu anaweza kuwa Kaizari Constantine mwenyewe, anaweza kuwa mwanawe yeyote kati ya watatu waliotawala baada yake, kwa maana mafundi waliochonga mihuri waliwachora baba na wana karibu sawa. Ukikazana hapa utakesha bure.

Sasa upande wa nyuma. Picha hii imepigwa taa kuu ikiwa imezimwa, na taa moja ndogo ikimulika kutoka ubavuni, karibu usawa wa meza. Mwanga wa namna hiyo hutoa kivuli hata pale palipoinuka kwa unene wa unywele. Mnaona watu wawili wamesimama wanatazamana, na kati yao mti mmoja umesimama wima. Magoti na kofia zao za chuma vimelika mapema kwa sababu ndivyo vilivyojitokeza zaidi. Lakini uwazi ulio kati ya mwili na mwili uko chini, vidole vya wachuuzi havikuufikia. Someni uwazi huo kwanza, kisha mjaze miili.

Hao ni askari, na ule mti ni bendera ya kikosi. Maandishi yalikuwa GLORIA EXERCITVS, utukufu wa jeshi. Hesabuni bendera. Aina hii ilipoanza mwaka 330, bendera zilikuwa mbili na sarafu ilikuwa na gramu 2.5 hivi. Karibu na mwaka 335 uzito ukapunguzwa, na bendera ikabaki moja. Iliendelea hivyo hadi karibu 341. Kwa hiyo bila kusoma hata jina moja, tumeifunga sarafu yetu ndani ya miaka michache, na mizani ya sonara inatuunga mkono. Mimi jambo hili hunifurahisha kila mara.

Zipo nyingine zinazojulikana kwa umbo tu. Mbwa mwitu jike anayenyonyesha mapacha, na nyota mbili juu yake, ni ya kuutukuza mji wa Roma. Mwenye mbawa aliyesimama kwenye gubeti la meli ni ya kuutukuza Konstantinopoli, mji uliozinduliwa mwaka 330. Askari anayemchoma mkuki mpanda farasi anayeanguka ni ya kuanzia 348. Angalieni tu msiwachanganye askari wetu na wale wawili wenye mbawa wa miaka ya 340: wale wamenyoosha mikono katikati, kila mmoja na taji la majani.

Chini ya mstari wanaposimama askari ndipo penye alama ya mji wenye kiwanda kilichopiga sarafu. SMAN ni Antiokia, TR ni Trier. Kwenye yetu naona S na M, kisha kutu. SM peke yake haitoshi, kwani viwanda vya miji ya Nicomedia na Cyzicus navyo vilianza hivyo. Naandika nilichokiona, herufi mbili, basi. Na mbele ya kifua cha kaizari ndipo maandishi yanapoishia: AVG ingeonyesha mtawala kamili, NOB C mrithi. Hapa hakuna kitu. Naandika "ukoo wa Constantine, 335–341".

Mmoja wenu ameniuliza mlangoni kama ndimu itasaidia kuisafisha. Tafadhali, hapana! Ndimu na ukwaju viacheni kwa masufuria. Katika sarafu ya kale, mara nyingi mchoro umebaki ndani ya lile gamba la kijani lenyewe. Asidi ikilila, hakuna kitakachorudi. Maji yaliyotoneshwa, kijiti laini cha mti, na subira.

Na msiitupe kwa kuwa haina jina. Mtaalamu Richard Reece aligawa sarafu za Kirumi zipatikanazo Uingereza katika vipindi 21, ili wachimbaji wa mambo ya kale walinganishe mahali na mahali. Kipindi cha 17 ni 330 hadi 348. Sarafu yetu inaingia humo moja kwa moja na kuhesabiwa sawa na ile inayosomeka herufi zote, mradi aliyeiokota ameandika aliipata wapi.